Nilimnyima Baba Maji Nikihofia Figo Zake Zitashika Kutu

Jina langu sitaji, na mkilikisia kaeni nalo kimya. Mimi ni mtu mzima, nina mke, nina watoto, ndevu zimeanza kuingia mvi, na nilimnyima baba yangu mzazi maji ya kunywa siku tisa. Mwanza! Mji ambao ukisimama mlangoni kwangu ukanyoosha shingo kidogo unaliona ziwa lote limelala pale!

Sikumnyima kwa chuki. Afadhali ingekuwa chuki, ningejua pa kuanzia kutubu. Nilimnyima kwa elimu, yaani elimu niliyoisikia nusu, nusu nyingine nikaimalizia mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikisimulia kuanzia katikati watu wananiona sina akili timamu.

Sisi ni mafundi bati hapa Mabatini. Babu alikuwa fundi bati, baba fundi bati, na mimi ndiyo hivyo tena. Tunatengeneza majiko, mifereji ya maji ya mvua, na keni za kumwagilia bustani. Banda letu ni bati juu, bati pembeni, na ndani kuna jiko la mkaa la kuyeyushia risasi ya kuungia. Kiangazi ikifika saa sita, humo ndani hata nzi hawakai.

Sasa niseme jambo ambalo hata mke wangu alikuwa halijui. Kazi yangu inavuja! Miaka ishirini niko kwenye bati, na keni nikiiunga mimi, inavuja. Kukata najua, kupiga rangi najua, kupatana na wateja ndiyo usiseme. Kuunga anajua baba. Mzee ana miaka sabini na kitu, mikono inatetemeka akishika kikombe, lakini akishika bati inatulia, na akiunga hata tone halipiti. Kila kitu kilichosifiwa kwenye banda letu ni mkono wake. Mimi nilikaa mbele nikipokea sifa.

Mwaka huu baba akaanza kulalamika kiuno. Alikwenda zahanati, akapimwa, akaambiwa figo zimeanza kuchoka. Daktari akamwambia mbele yangu, "Mzee, kunywa maji ya kutosha. Na jua likianza kuwa kali, toka kwenye hilo banda ukakae kivulini."

Maneno mepesi kabisa! Mtoto wa darasa la pili angeyaelewa. Mimi pia niliyaelewa, tatizo sikuyataka.

Kwa sababu wiki ile ile tulipata oda ya keni sitini kutoka kwa kikundi cha kina mama wanaolima nyanya na mboga karibu na Kigongo. Mwenyekiti wao, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya mnadani, alikuja mwenyewe. Akachukua keni moja ya mfano, kazi ya baba, akaijaza maji, akainyanyua juu ya kichwa changu akaishikilia pale. Halikudondoka tone.

"Nataka sitini kama hii," akasema. "Ikivuja hata moja, nazirudisha zote nakuvika kichwani."

Sitini! Baba akitoka bandani saa nne kila siku, ataunga nani? Mimi? Nilihitaji kitu cha kumlinda baba na joto huku akiendelea kukaa ndani ya joto. Ndiyo dhambi yangu ya kwanza hiyo, na zile nyingine zote zilitokana nayo.

Kwangu Kiseke nina mpangaji, mwalimu wa baiolojia, Mhaya wa watu. Ni mtu mwema, ila ukimsalimia tu umejiandikisha kipindi kizima. Jumapili moja katoka kanisani, tumekaa uani, nikamweleza habari za figo za baba na joto la banda. Akavua miwani. Mwalimu akivua miwani ujue kengele imelia.

"Fundi," akasema, "mwili ukizidiwa na joto, ndani yake huzalishwa vitu korofi. Vinashambulia ini, vinashambulia figo, hata moyo. Kitaalamu ni oksidisheni. Na wewe unaijua kuliko mimi."

"Mimi, Mwalimu?"

"Kutu ni nini? Bati likishambuliwa na hewa linaliwa polepole. Nalinganisha hivyo ili unielewe tu. Sasa mimea ina vitu vinavyozuia shambulio hilo, vinaitwa antioksidanti. Maua ya choya, zambarau, manjano, vile vyenye rangi kali. Wataalamu wamewapa panya, wakawaweka kwenye joto, wakakuta figo na ini zao zimeumia kidogo kuliko za wenzao. Lakini, waitu, ndugu yangu..."

Sikusubiri! Nilikuwa nimeshasimama natafuta kandambili. Mwalimu nilimwacha uani, kidole kiko hewani, mimi huyoo sokoni.

Jamani, nieleweni kidogo. Fundi bati ukimtajia kutu, masikio yanafunga kwa mengine yote. Nimepigana nayo maisha yangu yote. Na hakuna fundi bati asiyejua mambo mawili: kutu huzuiwa na rangi, na kutu huletwa na maji. Bati linalokaa kavu litakuzika wewe na wajukuu zako. Bati linalolowa kila siku halimalizi masika mawili.

Basi njia nzima nikawa napanga. Figo ni bati. Choya ni rangi ya kuzuia kutu. Rangi ukiimwagia maji kabla haijakauka inabanduka yote, umepoteza kazi. Kwa hiyo maji ndiyo adui! Wallahi nilisimama katikati ya njia nikacheka mwenyewe kwa furaha. Niliwahurumia madaktari wote wanaohimiza watu wanywe maji. Nikasema hawa maskini hawajawahi kushika bati.

Nilinunua choya, bitiruti, zambarau na manjano, nikachemsha vyote kwenye sufuria moja mpaka vikawa vizito vinang'ang'ania mwiko. Sukari sikutia, kwani nani anatia sukari kwenye rangi? Mke wangu akauliza kama nimeanza biashara ya kupaka rangi mikeka.

Kesho yake asubuhi nikampelekea baba kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo.

"Shikamoo baba. Kunywa hii."

"Marahaba. Nini hii?"

"Dawa ya kuzuia kutu."

Akanitazama. "Kutu ya nini?"

"Ya figo. Huu ni mkono wa kwanza wa rangi. Mkono wa pili saa nne, wa tatu saa saba. Katikati hapo usinywe maji, baba, ili ikauke."

"Daktari kasema ninywe maji."

"Daktari hajui bati, baba."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanywa. Alikunywa kwa sababu nimempa mimi, mwanawe, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayoyasema hapa.

Tukaanza utaratibu. Ndoo ya maji ya kunywa niliitoa bandani nikaigeuza kiti. Nyumbani kwao, nyuma ya banda, nilimpa mama masharti. Mama alinijibu, "Toka hapa," akaendelea kumpa mumewe chai asubuhi na uji jioni. Namshukuru Mungu kwa ukaidi wa mama yangu! Lakini kuanzia asubuhi mpaka alasiri baba alikuwa mikononi mwangu, ndani ya lile banda, na vikombe vitatu vya kahawa tu.

Na mimi je? Nilikuwa nakunywa dawa kama yeye, ulimi umekuwa zambarau, wateja wananishangaa. Maji niliacha siku mbili. Siku ya tatu kichwa kiliniuma, nikaingia kwa jirani muuza vinywaji, nikabugia chupa nzima ya maji nikiwa nimesimama. Nikajiambia mimi bado bati jipya, linaweza kuvumilia unyevu. Baba ndiye bati la zamani, lazima tumlinde! Nilifuta mdomo, nikarudi bandani, nikamkuta mzee analamba midomo iliyopasuka, nikamwambia avumilie.

Siku ya nne baba akaniita pembeni kwa sauti ya chini. "Mwanangu, nikienda haja ndogo inatoka nyekundu, kidogo tu na nyeusinyeusi."

Mtu mwenye akili angemkimbiza hospitali. Mimi nilimkumbatia! "Kutu hiyo baba! Kutu inatoka!" Nikampa kikombe cha nyongeza.

Siku ya tano nikagundua kitu. Adhuhuri baba alipokwenda kutawadha msikitini, alikawia. Kusukutua ni mara tatu, sote tunajua. Mzee alikuwa anasukutua mara ya kumi na moja! Foleni ya watu nyuma yake, muadhini ameshakimu, yeye anachota tena, anasukutua, anafumba macho. Mimi, mtoto wake, nilikwenda nikasimama karibu na bomba kuhakikisha anatema. Watu wa msikitini walinitazama wakidhani namsaidia mzee wangu, mmoja akaniombea dua ya kuwa na watoto wema kama mimi.

Siku ya sita nikamfuma. Keni ikiisha lazima ijazwe maji kupima kama inavuja. Niligeuka, nikamwona baba kainamisha keni, mdomo ule wa kumwagilia kauweka kinywani, maji yanamchuruzika shingoni.

"Baba!"

Akaishusha taratibu. "Nilikuwa naipima."

"Unapima kwa kinywa?"

"Nataka kujua kama inapita vizuri." Akaipigapiga tako ile keni. "Inapita vizuri sana."

Ningecheka yakaisha! Badala yake nilimwaga yale maji yote nje, kwenye vumbi, mbele ya macho yake. Kuanzia pale nikawa napimia keni kwa ile dawa yangu nyekundu, ili asishawishike. Banda zima likawa na madoa kama tumechinja. Mzee alilitazama lile vumbi lililolowa mpaka likakauka.

Siku ya tisa zilikuwa zimebaki keni nne. Joto la siku ile sijui nilieleze vipi, bati la paa lilikuwa linalia lenyewe. Kina mama wa Kigongo walikuwa wanakuja kuchukua mzigo wao saa saba, nami nikamhimiza baba tumalize. Mwenyewe nilikwishaunga moja kwa siri, nikaichanganya na za kwake.

Kama saa sita na nusu nikaona baba hatoki jasho. Nilifurahi, jamani! Nikajua rangi imeshika. Kisha akaanza kugonga nyundo mahali pasipo na bati. Akaniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Halafu akainuka, akaigeukia keni iliyokuwa juu ya meza, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo," akaiambia keni.

Akangoja iitikie. Ilipokaa kimya akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, "Shikamoo mzee!" Ndipo akaanguka kati ya zile keni zikasambaa zote chini kwa kelele.

Nilimshika. Ngozi kavu, inachoma kama sufuria! Wakati huohuo kina mama wakaingia, kama kumi hivi, mwenyekiti mbele. Wakaona mzee chini, sakafu nyekundu, na mimi nimepiga magoti ulimi wa zambarau.

"Mayu wane, mama yangu! Umemwua!" mwenyekiti akapiga kelele. "Leteni maji!"

Sikilizeni nilichosema. Nimejaribu kusimulia hadithi hii bila kipande hiki, nikashindwa. Nilinyanyua mikono miwili nikawazuia, nikasema, "Msimpe maji! Rangi haijakauka!"

Mwenyekiti alinisukuma kifuani kwa kiganja kimoja nikakalia mkaa. Wakambeba baba mpaka kivulini ukutani kwa jirani, wakamfungua shati, kila mmoja akanyakua keni yake, wakajaza kwenye pipa la jirani, wakaanza kummwagilia. Kina mama kumi, keni kumi, wamemzunguka baba yangu kama tuta la nyanya! Wengine wanampepea kwa khanga. Mmoja anamwagilia kichwa, mmoja miguu, mwenyekiti anaamuru, "Kwapani! Mwagilia kwapani! Zungukeni huku!" Watu wa Mabatini walijaa, wapo waliodhani ni mila ya kwetu.

Mimi nilikaa chini pembeni yao, suruali imeungua, nikilia kama mtoto. Nilimwomba Mungu asimchukue. Nilimwahidi mambo mengi, mengine sikumbuki.

Baada ya muda baba akafumbua macho. Maji yanamshuka usoni. Akatazama keni moja juu yake, akainyooshea kidole.

"Hiyo inavuja," akasema. "Nani kaunga hiyo?"

Kina mama wote wakageuka wakanitazama. Basi siri yangu ya miaka ishirini ikatoka hadharani siku hiyo, nami nilifurahi, kwa sababu mzee amesema!

Tulimpakia kwenye bajaji mpaka hospitali, taulo mbichi kichwani. Wakamwekea dripu. Daktari kijana akaniuliza mgonjwa alikuwa anakunywa nini. Nikamweleza kuanzia mkono wa kwanza mpaka wa tatu. Aliandika mstari mmoja, akasimamisha kalamu, akaniuliza, "Elimu yako ni ipi?" Nikamwambia kidato cha nne. Akasema, "Haya," akaendelea kuandika.

Figo za baba zimeumia. Daktari alisema zilikuwa zimechoka tayari, na joto pamoja na kiu vikazimalizia nguvu zilizobaki. Zitafanya kazi, ila si kama zamani, na kila mara lazima arudi kupimwa.

Jioni yake Mwalimu alikuja wodini. Alikuwa amesikia yote. Sikuwahi kumwona amekasirika mpaka siku ile.

"Nilisema lakini," akaniambia. "Nilisema lakini, Fundi, ukaondoka! Nilitaka kusema kwamba hayo bado ni ya panya, kwa binadamu hawajamaliza kuchunguza. Nilitaka kusema kwamba hata yakithibitika kabisa, ni msaada wa pembeni, maji na kivuli viko palepale. Na hata wale panya..." Akavua miwani akaifuta, akashindwa kuivaa. "Hata panya, Fundi, walipewa maji."

Nilitamani sakafu ya wodi inimeze.

Sasa baba yuko nyumbani. Bandani haji tena. Kina mama walichukua keni zao, ile ya kwangu wakaiacha mezani, mwenyekiti akanitazama tu akaondoka. Hakunivika kichwani, na hilo lilinichoma kuliko ule mkaa. Oda nyingine sipokei, kwa sababu sina wa kuunga. Kila nikikaa na bati najaribu kuunga keni, naijaza maji, inavuja, nayeyusha, naanza upya. Ningeweza kujifunza kwake miaka yote ile nilipokuwa nakaa mbele nikipokea sifa. Sasa nikimuuliza ananielekeza kwa maneno mawili, anachoka.

Hajanitukana hata mara moja. Anaitikia salamu, anauliza watoto. Lakini mara ya kwanza nilipompelekea maji baada ya kutoka hospitali, kikombe kikubwa, maji masafi, alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Hakunyoosha mkono.

"Anza wewe," akasema.

Mama akageuza uso ukutani. Nilikunywa. Akasubiri kidogo, kisha akapokea. Tangu siku ile ni hivyohivyo. Maji ya mama anapokea moja kwa moja, ya wajukuu anapokea, hata ya Mwalimu. Ya kwangu mpaka nianze mimi.

Ndugu zangu, na hasa nyie mafundi wenzangu mnaoshinda kwenye moto na jua. Choya ni nzuri, kunyweni, wala sikuja kuwakataza. Lakini usimfanye mzazi wako chombo cha kujaribia ujanja wako. Ukimwona mzee ameacha kutoka jasho na maneno yamepotea, mtoe juani, mmwagie maji, kimbia hospitali, wala usisubiri kina mama wa Kigongo. Na mtu anayejua akikueleza jambo, kaa chini mpaka anyamaze mwenyewe! Zaidi ya yote jiulize kwa nini unataka hiyo dawa. Mimi nilikuwa naijua sababu yangu tangu siku ya kwanza, na haikuwa figo za baba.

Naishia hapa, ni saa nne na jua limekuwa kali. Nakwenda kumjazia kikombe. Nitakunywa mimi kwanza, taratibu, aone koo langu linavyopanda na kushuka, halafu nitangoja anyooshe mkono.